Nta ya Unyamwezi na maneno yetu ya mafuta

Kiswahili kina neno moja la mafuta: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Ukitaka kutofautisha, unataja kazi. Muuza duka wa Bukene hakuulizi okteni. Anauliza kama unataka ya taa au ya pikipiki, basi.

Bukene ipo wilayani Nzega, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kabla ya reli, mizigo ya nchi hii ilikwenda Bagamoyo mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi: pembe za ndovu kwanza, baadaye na nta ya nyuki wa miombo. Mafuta ya taa yenyewe yalikuja kwa njia ya pwani, ndani ya mabati ya galoni nne. Mafuta yakaisha, bati likabaki. Ndilo debe hilo, ambalo mpaka leo linapima mahindi gulioni.

Kutaja mafuta kwa kazi yake kuna ubaya wake, maana injini haisomi majina. Mafuta ya taa huchemka katika joto lililo kati ya petroli na dizeli, kwa hiyo yanaingia kote kote bila kuonekana. Kwenye petroli yanashusha okteni, yaani uwezo wa kuvumilia mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati, na injini inaanza kugonga. Kwenye dizeli yanapunguza ulainishaji, pampu inalika polepole. Ushuru wake ulikuwa mdogo ili maskini apate mwanga, na wajanja wakaiona faida. Mtaa ukaupa mchezo huo jina ambalo sidhani kamati yoyote ingelifikiria: kuchakachua. Kufika uchaguzi wa Oktoba 2010 neno lilikuwa limeshahamia kwenye kura.

EWURA ikaanza kuweka alama ndani ya mafuta, ikaziita vinasaba (jina zuri, hata kama hayana mzazi). Kisha bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Faida ya kuchakachua ikakatika. Lakini bili ya dhambi ya magari ya mafuta alipelekewa mwenye kibatari, aliyekuwa hana hata baiskeli. Kwa maoni yangu, historia ya neno lile haijakamilika bila yeye.

Sasa Nzega ina msamiati mpya. Kijijini Sojo kimejengwa kiwanda cha kuyavika mabomba koti la kuhifadhi joto, kwa ajili ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Koti la nini, katika nchi yenye jua hili? Ni kwa sababu mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda, hivyo lazima yasafiri yakiwa na nyuzi 50 hivi au zaidi. Wahandisi wana istilahi ya joto ambalo chini yake mafuta hayamiminiki tena. Mrina asali wa Tabora halihitaji somo hilo. Ameshaona nta ikishika sufuria. Mwambie "joto la kugandia" atakuelewa, na pengine atakuuliza hiyo nta ya Uganda inapita kwake kwenda kuuzwa kwa nani.