Baga ya Kikorea na mtu wa mbegu

Siku ya posho iliyopita mdogo wangu alinionyesha video katika simu: baga ya Kikorea. «Yaya, weye njo ulisoma kilimo, tupikie hii.» Sijui kilimo na baga vinapatana wapi, lakini nilikubali.

Nyama ya ng'ombe niliikata nyembamba, nikailoweka ndani ya sosi ya soja, sukari, kitunguu saumu na maji ya nanasi. Wakorea wanatia peari ili nyama ilegee. Nanasi ni kali zaidi, nusu saa inatosha. Ukiiacha usiku mzima unapata uji. Nyama hiyo wanaiita bulgogi, maana yake nyama ya moto. Juu yake nikapanga kimchi: shu ya China niliyoichachisha siku tatu na chumvi, tangawizi na pilipili. Mukate ni ule wetu wa kila siku.

Wandugu, musifikiri hii ni mambo ya vijana wa intaneti tu. Lotteria ilifungua duka lake la kwanza la baga kule Seoul mwaka 1979. McDonald's ilifika 1988, mwaka wa Olimpiki. Mwaka 1992 Lotteria ikaweka bulgogi ndani ya baga, na McDonald's yenyewe ikafuata baadaye. Mgeni alikuja na mukate wake, akaishia kula mboga ya mwenyeji.

Lakini mwenyeji naye, vyakula vyake vilitoka wapi? Pilipili ni mmea wa Amerika. Wareno waliibeba mpaka Asia, sawa vile waliileta na huku kwetu. Kule Korea kitabu cha mwaka 1614 kinaitaja kama kitu kilichotoka Japani. Kwa hiyo ile kimchi nyekundu si ya zamani za mababu wote.

Na shu? Hapo njo nilishangaa. Darasani tulifunda «pembetatu ya U», ile inayoonyesha namna aina tatu za jamii ya shu na haradali zilivyozaliana zikatoa zingine tatu. Nilipita mtihani nikifikiri U ni herufi tu ya hesabu. Kumbe ni jina la mtu! Wajapani walimwita U Nagaharu, Wakorea wanamwita Woo Jang-choon. Alizaliwa Tokyo mwaka 1898, mama Mjapani, baba Mkorea aliyekimbia inchi yake kwa sababu alihusishwa na mauaji ya malkia wa mwaka 1895. Ile pembetatu aliichapisha mwaka 1935.

Utawala wa Japani ulipoisha mwaka 1945, Korea ilibaki bila mbegu nzuri za mboga, juu zilikuwa zinatoka Japani. Uhuru ulikuwa umefika, shu hakuna. Wakamwita Woo. Alifika mwaka 1950, akaacha bibi na watoto Japani, na miezi michache nyuma vita ikaanza. Akafanya kazi karibu na Busan: mbegu za shu na figili zinazofaa udongo wao, na viazi visivyo na virusi. Mama yake alipokufa mwaka 1953 hawakumruhusu kwenda kuzika. Pesa za rambirambi alizichimbia kisima pale kituoni. Akafa mwaka 1959.

Kwangu mimi huyu ana sehemu kubwa katika ile baga kuliko maduka yote mawili, na hakuna video inayomtaja.

Tulipokuwa tunakula, mdogo wangu akauliza mbegu za shu yetu zinatoka wapi. Nikamletea kopo nililonunua sokoni msimu uliopita, ambalo nusu ya mbegu zake hazikuota. Akasoma maandishi madogo chini: inchi ya ng'ambo. Akanitazama, akaendelea kutafuna.

Nyuma ya nyumba nimeacha mashina saba ya shu ya China bila kuyakata, yapandishe maua. Moja peke yake halizai mbegu vizuri, linahitaji jirani. Mama ananiuliza kila asubuhi kwa nini ninaharibu mboga. Nyuki wameanza kuja.