Matatizo ya ulaji (Suji, Upare ya Kusini)

Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili ambayo humfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa (anoreksia), ale kupita kiasi kisha ajitapishe (bulimia), au ale kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Huwapata zaidi wasichana na vijana wa kike, ingawa wanaume nao huugua, na kwao hugunduliwa kwa kuchelewa.

Huko Suji, kata ya milimani wilayani Same, mtu akikonda watu hufikiria kifua kikuu, UKIMWI, kisukari, minyoo au vidonda vya tumbo. Ni sahihi kuyapima hayo kwanza. Hatari huanza pale majibu yanapokuja safi na familia ikaambiwa mgonjwa hana kitu. Katika wilaya ambayo tambarare zake hukumbwa na ukame, ni vigumu kuamini kuwa mwenye chakula anaweza kukiogopa.

Mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida. Makande, chakula kinachowatambulisha Wapare, yakiliwa kwenye sinia moja, hakuna anayehesabu vijiko vya mwenzake. Basi mwangalie mtu mwenyewe: kila mlo ana kisingizio, hutoka kwenda chooni mara tu baada ya kula, hupanda na kushuka milima hata akiwa hoi, na hujichukia akijitazama kwenye kioo. Mwilini, hedhi hukoma, baridi humsumbua kuliko wenzake, vinyweleo laini humwota, meno huliwa na asidi ya matapishi. Sugu kwenye vifundo vya vidole, zinazotokana na kujitapisha, zina jina la daktari Gerald Russell wa Uingereza aliyeieleza bulimia mwaka 1979.

Dalili hizi zisichanganywe na dini. Waadventista wa Sabato waliingia Upare mwaka 1903, na mafundisho yao ya kiasi, pamoja na kuacha nyama kwa baadhi yao, si ugonjwa hata kidogo. Mfungo wa dini una saa ya kufungua. Mgonjwa hashindwi kufunga, hushindwa kufungua.

Wala matatizo ya ulaji si maradhi ya Wazungu. Mwaka 2004 Frank Njenga na R. N. Kangethe waliandika juu ya anoreksia nchini Kenya katika East African Medical Journal.

Dalili zikidumu kwa wiki kadhaa, mgonjwa aanzie zahanati; rufaa hupitia hospitali ya wilaya ya Same, kisha hospitali ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Kuzimia, mapigo ya moyo yaliyo chini ya 50 kwa dakika au yanayoruka, kutapika damu, kushindwa kunywa na kutaja kujiua havisubiri kesho. Kutapika sana hupunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama bila onyo.

Familia nyingi, kwa upendo kabisa, humlazimisha aliyekaa siku nyingi bila kula amalize bakuli zima la chakula kizito. Isifanyike hivyo. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla, fosfati hushuka kwenye damu, na mgonjwa anaweza kufa akiwa tayari ameanza kula. Aanze kulishwa kidogo kidogo hospitalini, damu yake ikipimwa. Nyumbani, asitishwe wala asiaibishwe; aulizwe faraghani, na anayemwamini, ni kitu gani kinachomtia hofu. Mtoto au mzazi anaweza pia kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo.