Kijiji Kilichojijengea Hoteli

Mimi ni wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, ukoo wa wapagazi. Nikisikia habari za mlima wowote wa watalii, swali langu huwa moja: faida inabaki kwa nani? Ndiyo maana nilipofika Zermatt, Uswisi, sikuwa na haraka ya kuupiga picha mlima Matterhorn. Nilianza kuuliza hoteli zile ni za nani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Zermatt kilikuwa kijiji cha wafugaji, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, mwisho kabisa wa bonde. Kutoka Visp ulipanda kwa miguu au kwa nyumbu, na ukifika ulibisha hodi kwa padri ukaomba pa kulala. Mwishoni mwa miaka ya 1830 daktari wa hapo, Lauber, akafungua nyumba ya wageni yenye vitanda vichache. Miaka ya 1850 ikachukuliwa na Alexander Seiler, fundi wa sabuni na mishumaa kutoka Goms, ambaye ndugu yake alikuwa padri Zermatt. Mwaka 1855 akaipa jina Monte Rosa. Mkewe Katharina akawapokea wageni kama wa nyumbani, na wapanda milima Waingereza wakaifanya kijiwe chao.

Mmoja wao alikuwa Edward Whymper. Tarehe 14 Julai 1865 yeye na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn, mita 4,478, ambacho hakikuwahi kukanyagwa. Wakati wa kushuka kijana Hadow aliteleza, akawavuta wenzake, kamba ikakatika, na watu wanne wakaporomoka. Walionusurika ni Whymper na waongozaji wawili wa Zermatt, Peter Taugwalder na mwanawe. Kipande cha kamba hiyo kiko kwenye makumbusho ya kijiji. Nimeinama juu ya kioo nikakitazama: chembamba, nyuzi zimefumuka nchani. Kwetu kamba kama ile tungefungia mbuzi. Mzee Taugwalder alishukiwa kwamba aliikata ili ajiokoe. Uchunguzi ulimsafisha, lakini maneno ya watu hayakumwacha. Whymper, yeye, amechongwa sura yake ukutani mwa Monte Rosa.

Msiba ule ulizungumzwa Ulaya nzima, na wageni wakamiminika. Seiler akaongeza hoteli juu ya hoteli. Mwaka 1871 akaomba uraia wa kijiji, wenyeji wakamkatalia: raia angekuwa na haki katika misitu na malisho ya pamoja, na tajiri kama yeye wangemzuia vipi? Shauri hilo liliburuzwa miaka mingi.

Kukataa peke yake kusingewajaza matumbo. Waliyemkatalia uraia ndiye aliyewaonyesha biashara ilivyo, nao wakaifuata. Jumuiya ya koo za asili, Burgergemeinde, ikajenga hoteli yake kubwa kwa nguvu za wanakijiji wenyewe, na mwaka 1879 Zermatterhof ikafunguliwa. Treni kutoka Visp ilifika mwaka 1891. Mwaka 1898 reli ya meno inayotumia umeme ikapandisha watalii hadi Gornergrat, zaidi ya mita 3,000, wakatazame barafu bila kutoa jasho. Kila treni ilimkuta mwenye kijiji ana vitanda vya kukodisha. Leo Zermatterhof ni ya nyota tano na bado ni mali ya jumuiya ile, sawa na hoteli iliyoko juu Gornergrat.

Sisemi Zermatt ni peponi. Ukuta uliomzuia Seiler unawazuia wengine pia, kwa kuwa uraia huo hurithiwa, na wengi wanaotandika vitanda vya Zermatt leo ni Wareno, si wana wa koo zile.

Hata hivyo nimeilinganisha na kwetu. Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, alikuwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria aliyejifunzia ujuzi wake kwenye Alps. Ujuzi wa kamba na barafu tuliupokea, na waongozaji wetu hawahitaji tena kufundishwa. Lakini kilichowapa watu wa Zermatt nguvu ni hati ya kiwanja na jengo lililosimama juu yake. Wapagazi wa Marangu wana vyama vya kudai posho. Ningependa siku moja niwasikie wakigombana kuhusu ramani ya hoteli yao.