Wengu uliopo lakini haufanyi kazi: picha ya nyuklia na historia ya seli mundu Maskati

Mjini Maskati si ajabu kupita penye baraza ukasikia Kiswahili cha Unguja. Familia nyingi zilihamia huko kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki, hasa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Lakini lugha si urithi pekee uliovuka bahari. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi kuhusu jeni ya seli mundu nchini Oman, ulioonyesha kwamba jeni hiyo ina zaidi ya chimbuko moja: upande wa Arabuni na India, Afrika Magharibi, na aina iitwayo ya Kibantu, inayotuelekeza Afrika Mashariki. Majahazi ya biashara, ndoa na pia minyororo ya utumwa viliwachanganya watu wa pwani hizi mbili kwa karne nyingi.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kitaalamu na James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeteseka: chembe zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Miongoni mwa viungo vya kwanza kuharibika ni wengu, ambao wengine huuita bandama. Kazi yake ni kuchuja damu na kunasa vijidudu. Hapo palikuwa na kitendawili. Daktari aliweza kuugusa wengu wa mtoto chini ya mbavu, mkubwa kuliko kawaida, na bado mtoto huyo akafariki ghafla kwa maambukizi ya bakteria.

Jibu lilikuja kwa tiba ya nyuklia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hal Anger wa Marekani alitengeneza kamera inayonasa miale ya gama kutoka mwilini. Baadaye ikatumiwa pamoja na tekinesiamu, dutu ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Chembechembe ndogo zenye dutu hiyo hudungwa kwenye mshipa; ini na wengu vyenye afya huzinasa, na kamera huonyesha aking'aa kila kiungo kinachofanya kazi.

Mwaka 1969 Howard Pearson na wenzake nchini Marekani walieleza matokeo ya kustaajabisha. Ini liling'aa, lakini mahali pa wengu palikuwa kiza, ingawa wengu ulikuwepo na umevimba. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba, kwa baadhi ya watoto, kuongezewa damu kuliurudisha wengu kazini kwa muda.

Oman ya mwaka 1970 ilikuwa na hospitali chache mno. Hospitali ya Royal ilifunguliwa Maskati mwaka 1987, na ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Mwaka 2002 wataalamu wa chuo hicho walichapisha utafiti kuhusu kazi ya wengu kwa watoto wa Oman wenye seli mundu. Swali lililoulizwa Marekani sasa liliulizwa nyumbani, kwa watoto wa nyumbani.

Je, mtoto wa kijijini Tanzania, nchi iliyo miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, anafaidika nini na kamera asiyoweza kuifikia? Anafaidika na funzo lake. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulithibitisha kwamba penisilini ya kila siku hupunguza sana maambukizi hatari kwa watoto hawa. Dawa hiyo na chanjo hazisubiri picha.

Na kwa mzazi, awe Matrah au Pemba, funzo ni lile lile: homa ya mtoto mwenye seli mundu si ya kungoja kupambazuke. Ni ya kukimbilia hospitali.