Neijia

Neijia ni jina la jumla la mitindo ya sanaa za mapigano za China inayotanguliza utulivu wa nia, mpangilio wa pumzi na mwili usiokakamaa, kuliko nguvu za misuli. Mitindo yake mikuu ni taijiquan, baguazhang na xingyiquan.

Historia

Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kutofautisha sanaa za “ndani” (neijia) na za “nje” ni wasifu wa marehemu Wang Zhengnan, uliotungwa na mwanazuoni Huang Zongxi mwaka 1669. Humo sanaa ya nje ni ile ya hekalu la Shaolin. Ya ndani inanasibishwa na Zhang Sanfeng, Mtao wa mlima Wudang, nasaba ambayo wanahistoria wengi huiona kuwa hekaya.

Mitindo mitatu ya leo ilipewa jina hilo baadaye, na kila mmoja una asili yake. Taijiquan ilitoka kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza huko, kisha akaifundisha Beijing, mji ambako Dong Haichuan (aliyefariki 1882) alieneza baguazhang. Xingyiquan ilikulia Shanxi na Hebei. Sun Lutang (1860–1933), bingwa wa mitindo yote mitatu, aliitungia vitabu vilivyoimarisha wazo kwamba ni jamii moja.

Mazoezi

Msingi ni zhan zhuang: kusimama bila kusogea, magoti yamekunjwa kidogo na mikono imeviringwa mbele ya kifua, huku mwalimu akirekebisha mkao. Mwanafunzi hulenga pigo lianzie mguuni, lipite kiunoni, ndipo lifike mkononi.

Kutoka hapo mitindo huachana. Taijiquan kwa kawaida hufanywa polepole. Baguazhang hutembea kwa kuzunguka duara, viganja vikigeuka. Xingyiquan husonga mbele moja kwa moja kwa mapigo matano yanayofungamanishwa na metali, maji, mti, moto na udongo. Katika tuishou, zoezi la wawili, mikono hugusana na kila mmoja hujaribu kuhisi msukumo wa mwenzake, aupishe na kumwondolea mizani.

Hali ya sasa

Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ilitoa taijiquan fupi ya mienendo 24, iliyotokana na mtindo wa Yang. UNESCO iliiorodhesha taijiquan kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Wengi huifanya kwa ajili ya afya, na tafiti zimeonyesha kwamba hupunguza kuanguka kwa wazee. Matumizi ya kimapigano huhitaji tuishou na mazoezi mengine ya wawili, ambayo mienendo 24 pekee haiyafundishi.