Kotikosteroidi: Homoni ya Gamba la Tezi Katika Matibabu ya Mbwa na Paka

Istilahi kotikosteroidi imeundwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza imetokana na korteksi, neno la Kilatini lililomaanisha gome la mti, na katika taaluma ya tiba hutaja tabaka la nje la kiungo. Kiungo kinachohusika hapa ni tezi ya adrenali, tezi ndogo iliyokaa karibu na kila figo katika mwili wa mbwa, paka, ng'ombe na binadamu. Sehemu ya pili, steroidi, ni jina la ukoo wa kemikali zenye kiunzi cha pete nne zilizoungana, ukoo unaojumuisha kolesteroli na homoni za uzazi. Kotikosteroidi, basi, ni steroidi inayotengenezwa na gamba la tezi ya adrenali, au dawa iliyoundwa maabara kwa kuiga homoni hiyo.

Ufafanuzi huu una umuhimu wa pekee nchini Kenya, ambako neno steroidi husikika zaidi katika habari za michezo, pale mwanariadha anapofungiwa kwa kutumia pufya. Steroidi za kujenga misuli zina asili ya testosteroni, homoni ya kiume, ilhali kotikosteroidi zikitumiwa kwa muda mrefu huidhoofisha misuli badala ya kuijenga. Mfugaji wa Matete, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, anayemdunga mbwa wake wa ulinzi dawa hii akitumaini kumtia nguvu kwa kuwa amesikia ni steroidi, atapata kinyume cha alichokitarajia: mbwa mwenye tumbo lililolegea, miguu iliyokonda na ngozi nyembamba isiyopona upesi ikichubuka.

Homoni kuu ya gamba la adrenali ni kotisoli, ambayo huongoza matumizi ya sukari mwilini, huusaidia mwili kustahimili misukosuko na huzuia kinga ya mwili isipite kiasi. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoifanya kuwa dawa. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo nchini Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi alitibiwa kwa kotisoni, homoni nyingine ya gamba hilo, kwa mara ya kwanza, na mwaka 1950 Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za gamba hilo. Dawa zilizofuata, zikiwemo prednisoloni na deksamethasoni, zina nguvu kuliko homoni ya asili, nazo hutumiwa kwa mbwa na paka kutuliza mwasho wa mzio, kufungua njia za hewa za paka mwenye pumu, na kuzuia kinga inayoshambulia chembe za damu za mwili wenyewe.

Tofauti ya nguvu kati ya dawa hizo yafaa kufafanuliwa kwa hesabu. Kwa mbwa mwenye mwasho wa mzio, daktari wa mifugo huanzia mara nyingi miligramu 0.5 hadi 1 ya prednisoloni kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivi kwamba mbwa wa kilo 10 anaweza kutoshwa na kidonge kimoja cha miligramu 5. Deksamethasoni ina nguvu ya takriban mara 7 ya prednisoloni. Chupa ya sindano yenye miligramu 2 katika kila mililita, iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe, ikitumiwa kumdunga paka wa kilo 4 mililita 2, itakuwa imempa kiasi kinacholingana na miligramu 28 hivi za prednisoloni, yaani karibu 7 kwa kila kilo. Mililita mbili ni kiasi kidogo machoni pa aliyezoea kumdunga ng'ombe, na hapo ndipo hatari ilipo. Paka pia wana tabia yao: ini lao huibadilisha prednisoni kuwa prednisoloni kwa shida, kwa hiyo hupewa prednisoloni yenyewe.

Hata hivyo, kanuni inayovunjwa kwa urahisi zaidi ni ile ya kutoikatiza dawa ghafla, na sababu yake imo katika jina lenyewe. Tezi ya adrenali hufanya kazi kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Dawa inayofanana na kotisoli inapojaa damuni kwa wiki kadhaa, pituitari huona kwamba homoni ipo ya kutosha na huacha kutoa amri, na gamba la adrenali, kwa kukosa kazi, husinyaa. Dawa ikiondolewa siku moja kwa kuwa vidonge vimekwisha au mwasho umetulia, mnyama hubaki bila homoni ya dukani na bila ya kwake mwenyewe, akaanza kutapika, kulegea na pengine kuzimia. Ndiyo maana kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua, aghalabu kwa kutoa dawa siku moja na kuruka nyingine, ili gamba lipate muda wa kuamka.

Kiu nyingi, mkojo mwingi na njaa isiyoisha ni dalili zinazotarajiwa kwa mbwa aliye katika tiba hii, na hakuna sababu ya kumnyima maji. Kinyesi cheusi au matapishi yenye damu ni jambo jingine, kwani huashiria vidonda vya tumbo, hatari inayoongezeka sana kotikosteroidi zikichanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki au meloksikamu. Kwa paka, tiba ndefu inaweza kuleta kisukari. Mnyama mwenye mimba anaweza kuiharibu, na jicho lenye kidonda likipakwa mafuta yenye deksamethasoni linaweza kutoboka. Mbwa mwenye upele wa utitiri au choa hutulia kwa siku chache huku ugonjwa ukienea chini ya manyoya, kwa kuwa kinga iliyopaswa kuuzuia imelazwa. Viroboto nao hawafi kwa dawa hii, ila mbwa huacha tu kujikuna.

Kulazwa kwa kinga kunagusa hata afya ya jamii. Kenya imejiwekea lengo la kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo ya mpango huo. Mbwa aliye katika kipimo kikubwa cha kotikosteroidi anaweza asijenge kinga ya kutosha baada ya kuchanjwa, kwa hiyo mwenye mbwa anapompeleka katika zoezi la chanjo amweleze mchanjaji dawa anayotumia mnyama wake.

Kotikosteroidi ni istilahi inayofaa vitabuni, kwa sababu inaoana na ile ya kimataifa na inaruhusu kuundwa kwa nyingine kama glukokotikoidi. Kwenye pakiti anayokabidhiwa mfugaji, jina hilo peke yake halitoshi. Madaktari wa mifugo na wauzaji wa agroveti wa Matete na kwingineko waandike kando yake kwa Kiswahili: homoni ya gamba la adrenali, isichanganywe na dawa ya maumivu, isikatizwe ghafla.