Hedifoni za kufunika sikio

Hedifoni za kufunika sikio ni spika mbili ndogo zilizounganishwa kwa upinde unaopita juu ya kichwa, na mito yake hulizunguka sikio lote na kuegemea fuvu badala ya kulikandamiza sikio lenyewe. Kwa sifa hiyo zinatofautiana na hedifoni ndogo zinazokaa juu ya sikio, na pia na vipokea sauti vinavyochomekwa ndani ya tundu la sikio. Hutumiwa na watangazaji, mafundi mitambo wa redio, wanamuziki, wakalimani, marubani na wasikilizaji wa kawaida nyumbani.

Wanunuzi huzilinganisha kwa mambo mawili, yaani sauti na starehe ya kuzivaa, na mara nyingi huyahesabu kana kwamba yametengana. Kwa kweli hayatengani. Mto usiokaa sawasawa kichwani huvujisha besi, na hedifoni inayobana husogezwa huku na huku mpaka sauti yake ikabadilika. Msikilizaji aliyekosa besi huongeza sauti ili aipate, na kwa kufanya hivyo huyaweka masikio yake hatarini bila kujua.

Historia

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa jimbo la Utah, alitengeneza vipokea sauti vya kichwani jikoni kwake na kuviuzia Jeshi la Maji la Marekani. Vilikuwa vya kupokelea habari za redio, si vya muziki, na starehe haikuwa hoja kubwa. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer mjini Berlin ilitoa DT 48, hedifoni iliyotumia koili na sumaku, muundo ambao bado umo katika hedifoni nyingi za leo. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alionyesha hedifoni zake za stirio, SP/3, na tangu hapo watu wa kawaida wakaanza kuzinunua kwa ajili ya muziki. Sennheiser ya Ujerumani ilifuata mwaka 1968 kwa HD 414, iliyokuwa na mgongo wazi.

Teknolojia ya kufuta kelele ina asili ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya wazo hilo nchini Marekani mwaka 1936. Amar Bose alianza kulifanyia kazi mwaka 1978 baada ya kusafiri kwa ndege kutoka Zurich na kukerwa na ngurumo ya injini iliyouzidi muziki. Kampuni yake ilianza kuwauzia marubani mwaka 1989, na abiria wa kawaida walipata QuietComfort mwaka 2000.

Jinsi sauti inavyotokea

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna kiwambo chembamba cha plastiki kilichogundishwa kwenye koili ya waya. Umeme wa sauti unapopita katika koili hiyo, iliyo karibu na sumaku, koili husukumwa na kuvutwa. Kiwambo hutikisika nayo, na hewa iliyo kati yake na sikio hubanwa na kuachiwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na uwezo wa kusikia sauti za juu hupungua kadiri umri unavyosonga. Namba hizo mbili huandikwa kwenye maboksi mengi ya hedifoni kama sifa. Hazimsaidii mnunuzi, kwa sababu hazisemi kila sauti hutoka kwa nguvu kiasi gani, na hapo ndipo hedifoni moja inapoachana na nyingine.

Kuna namna mbili kuu za kikombe. Kikombe chenye mgongo uliofungwa huzuia kelele za nje zisiingie na sauti ya ndani isitoke, na kwa hiyo hufaa studio, ofisi na basi. Udhaifu wake ni kwamba sauti inayorudi nyuma ya kiwambo hugonga ukuta wa kikombe na kuweza kuleta mwangwi mdogo. Kikombe chenye mgongo wazi huiacha sauti hiyo itoke. Muziki husikika kama uliotandazwa chumbani, na sikio halipati joto sana; lakini aliye jirani husikia kila kitu, na honi ya bodaboda huingia bila hodi.

Mto na besi

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni mto. Kiwambo cha hedifoni ni kidogo sana, mara nyingi kipenyo cha milimita 40 hadi 50, nacho hakiwezi kujaza chumba kwa besi kama spika ya kawaida. Kinachokiwezesha ni hewa chache iliyofungiwa kati ya mto, shavu na sikio. Hewa hiyo ikiwa imefungwa vizuri, msukumo mdogo wa kiwambo hutosha kuleta mlio mzito. Pakiwapo upenyo, hewa hukimbilia nje kabla ya kusukuma ngoma ya sikio, na sauti za chini ndizo zinazopotea kwanza.

Upenyo huo hutokea kwa sababu za kawaida kabisa. Mkono wa miwani hupita chini ya mto na kuuinua kidogo mbele na nyuma ya sikio. Ushungi au mtandio uliokunjwa huweka tabaka za kitambaa kati ya mto na ngozi. Misuko minene na nywele zilizofungwa kisogoni huzuia mto kugusa shingo chini ya sikio, na upinde nao huweza kukosa mahali pa kulala. Ndiyo maana watu wawili wanaovaa hedifoni ileile, mmoja na miwani na mwingine bila, huweza kubishana kuhusu besi yake na wote wawili wakawa wakweli. Hedifoni zenye mgongo uliofungwa huathirika zaidi. Mtu anayevaa ushungi au miwani afanye jaribio akiwa amevaa hivyohivyo, si kuvua kwanza dukani.

Kwa sababu hiyo pia, kubadilisha mito ni kubadilisha sauti. Mto wa ngozi bandia hufunga hewa vizuri kuliko mto wa mahameli, na mto mnene husogeza kiwambo mbali na sikio. Anayenunua mito ya bei nafuu isiyo ya mtengenezaji asishangae hedifoni yake ikilia kama hedifoni nyingine.

Starehe

Starehe hutegemea uzito, nguvu ya kubana, nafasi ya sikio na joto. Hedifoni nyingi za kufunika sikio zina uzito kati ya gramu 230 na 400. Zile za viwambo bapa vilivyotandazwa kati ya safu za sumaku, kama Audeze LCD-2, huzidi gramu 500, na shingo huzitambua kabla muziki haujafika nusu. Hata hivyo uzito si kila kitu: gramu 380 zilizogawanywa vizuri juu ya upinde mpana huchosha kidogo kuliko gramu 250 zinazokaa kwenye nukta moja ya utosi.

Nguvu ya kubana ina utata wake. Ikipungua, mto hauzibi na besi hutoroka; ikizidi, taya na panja huanza kuuma baada ya nusu saa, hasa kwa mwenye miwani. Hedifoni mpya hubana zaidi ya iliyotumika, kwani upinde hulegea na sponji hulainika kwa miezi kadhaa.

Joto ni suala kubwa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Ngozi bandia haipitishi hewa, na jasho hukusanyika kuzunguka sikio. Tatizo lake la pili huonekana baadaye: ngozi bandia ya poliyurethani huharibiwa na unyevu na joto, ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Hili hutokea hata hedifoni ikiwa imekaa kabatini tu bila kuvaliwa. Mahameli hayabanduki na hupoa, ila hunywa jasho na vumbi na hupunguza kidogo uwezo wa kuzuia kelele.

Mfano wa hedifoni tatu za studio

Aina tatu zifuatazo zimekuwa sokoni kwa miongo mingi na hutumiwa sana katika kazi za sauti, hivyo zinafaa kuonyesha tofauti.

Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, ina mgongo uliofungwa, uzito wa takriban gramu 230 na ukinzani wa omu 63. Inakunjwa, waya wake ni wa kujipinda kama wa simu ya mezani, na simu ya mkononi huiendesha bila shida. Sauti zake za juu zimesukumwa mbele. Kwa fundi mitambo huo ni msaada: konsonanti kama s, z na sh, ambazo nguvu yake kubwa iko katika maelfu ya Hz, husikika wazi, na kasoro ya maikrofoni au mtangazaji anayepiga s kali hugunduliwa mara moja. Kwa anayesikiliza muziki saa tatu mfululizo, ukali huohuo huchosha. Mito yake ni myembamba, sikio kubwa hugusa ndani ya kikombe, na ngozi yake hujulikana kwa kubanduka.

Beyerdynamic DT 770 Pro, yenye asili katika miaka ya 1980 na kutengenezwa Heilbronn, Ujerumani, nayo ina mgongo uliofungwa. Uzito wake ni takriban gramu 270 bila waya, na mito yake ni ya mahameli, mipana na laini. Kwa starehe ndiyo inayoshinda kati ya tatu hizi, hasa kwa mwenye miwani. Besi yake ni nene na sauti zake za juu zina mwinuko mkali, huku sauti za kati, ambamo sauti ya mwimbaji hukaa, zikirudi nyuma kidogo. Mnunuzi aangalie namba ya omu: zipo za 32, 80 na 250, na hiyo ya mwisho huwa na sauti ndogo ikichomekwa kwenye simu.

Sennheiser HD 600, ya mwaka 1997, ina mgongo wazi, gramu 260 na omu 300. Sauti ya binadamu, fidla na ganuni hutoka kwa asili kabisa, na wengi huitumia kama kipimo cha kupimia nyingine. Besi ya chini kabisa hupungua, na ikiwa mpya hubana sana. Sehemu zake karibu zote, pamoja na waya, huchomolewa na kubadilishwa. Inahitaji chumba tulivu na amplifaya. Nyumba iliyo kando ya barabara haiifai.

Kulinganisha kwa haki

Kosa la kawaida ni kulinganisha hedifoni mbili zenye sauti zisizolingana kwa ukubwa. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na sauti za juu sawasawa pale sauti inapokuwa ndogo. Kwa hiyo hedifoni inayolia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kuwa na besi nzuri na uwazi zaidi, na hiyo ndiyo huchaguliwa. Inafaa kwanza kulinganisha ukubwa wa sauti, kisha kutumia rekodi mbili au tatu zinazofahamika vyema: moja ya mtu anayesoma kwa sauti, moja ya ala nyingi kama taarabu ya okestra, na moja yenye ngoma nzito. Dakika tano hutosha kusikia tofauti za sauti. Starehe huhitaji saa nzima, na duka linalokubali hilo ni nadra.

Bei si mwongozo wa kutegemewa. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za namna mbalimbali, na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zilivyogawanya nguvu ya sauti za chini na za juu. Kinachoongezeka pamoja na bei mara nyingi ni vifaa vya kutengenezea, kufuta kelele, uwezo wa Bluetooth na jina la kampuni.

Usalama wa masikio

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5. Chembe za sikio la ndani zinazopokea mitikisiko zikifa haziotei tena, na mlio wa kudumu masikioni hauna dawa ya kuuondoa kabisa.

Hapa uchaguzi wa hedifoni una uzito kuliko ladha ya muziki. Ndani ya daladala au matatu, mwenye hedifoni isiyoziba hulazimika kupandisha sauti juu ya ngurumo ya injini. Mto unaoziba vizuri humwezesha kusikia yaleyale kwa sauti ndogo. Kufuta kelele kwa umeme husaidia zaidi, kwani hufanya kazi vyema chini ya takriban 1,000 Hz, ambako ngurumo ya injini hukaa. Kelele za watu na honi hupita kwa kiasi kikubwa. Haifai kuvaliwa na anayevuka barabara au kuendesha baiskeli.

Mto uliopasuka au kubonyea hupoteza uwezo huo wa kuziba polepole, na mwenyewe huzoea bila kugundua, akipandisha sauti kidogo kidogo. Mito ya akiba ya MDR-7506, DT 770 Pro na HD 600 huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa mkono, bila fundi.